Kabla ya Kupandisha Sauti, Tafuta cha Kushusha

Mwaka 1988 kundi la Metallica la Marekani lilitoa albamu yake ya nne, ...And Justice for All. Magitaa yanaunguruma, ngoma zinagonga kavu, na maneno ya mwimbaji na mpiga gitaa James Hetfield yanafika bila shida. Kinachokosekana ni besi. Jason Newsted, aliyeshika nafasi ya Cliff Burton baada ya Burton kufa katika ajali ya basi huko Sweden mwaka 1986, alipiga besi katika albamu hiyo, lakini unaweza kuisikiliza mpaka mwisho usimtambue. Steve Thompson, mmoja wa mafundi waliochanganya sauti za albamu hiyo, amesimulia hadharani kwamba mpiga ngoma Lars Ulrich ndiye aliyetaka besi ishushwe mpaka isikike kwa taabu.

Mashabiki wanalumbana juu ya uamuzi huo hadi leo. Lakini kushushwa ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayomhusu kila anayekaa mbele ya miksa na wimbo wa roki: besi ile haikuwa na mahali pa kukaa.

Masafa ya sauti hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema kwa hezi 41 hivi. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema kwa hezi 82, mara mbili yake. Ila uzi hautoi mtetemo mmoja tu. Juu ya ule wa msingi hutoka mwingine wa mara mbili, wa mara tatu, na kuendelea. Kwa hiyo noti ya besi ya hezi 41 ina sehemu yake kubwa kwenye hezi 82, palepale gitaa linapoanzia. Besi na gitaa zikifuata noti zilezile, kama ilivyokuwa mara nyingi kwa Newsted na Hetfield, yenye nguvu huifunika dhaifu, na sikio husikia gitaa moja nene. Ongeza ngoma ya mguu, ambayo mshindo wake huwa karibu na hezi 60, na sasa una abiria watatu kwenye kiti kimoja cha daladala. Hapo kuongeza nauli hakuongezi kiti. Lazima mmoja asogee.

Kusogea kwenyewe ni kazi ya ikwalaiza, kidhibiti cha kuinua au kupunguza masafa unayoyachagua. Kwenye gitaa la roki, punguza masafa yote yaliyo chini ya hezi 80 au 100. Ukilisikiliza peke yake utaona limekonda, na prodyuza mchanga hushtuka hapo akarudisha alichokata. Asirudishe. Hakuna atakayelisikia gitaa hilo peke yake. Besi ikiingia, unene unarudi, safari hii ukiwa na mwenyewe. Kati ya besi na ngoma ya mguu nako amua nani atakaa chini kabisa. Ngoma ikipewa hezi 60, ipunguze besi kidogo hapohapo, kisha iinue kwenye 100 au 150. Faida yake utaiona hata kwenye simu: spika ya simu haiwezi kutoa hezi 41, lakini mitetemo ya juu ya besi ikisikika, ubongo hujaza wenyewe ile noti ya chini.

Ugomvi wa pili uko juu, na huo ndio unaozamisha waimbaji. Simu za mezani za zamani zilipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na watu walielewana vizuri. Maana yake, maneno hayaeleweki kwa sababu ya uzito wa sauti bali kwa sababu ya konsonanti zake, na nyingi kati ya hizo zinang'aa kati ya hezi 2,000 na 5,000. Sikio la binadamu nalo ni kali zaidi katika eneo hilohilo. Bahati mbaya, gitaa lililopitishwa kwenye distoshoni linajaa tele hapo, na matoazi pia.

Tuchukue kiitikio ambacho magitaa mawili yameingia kwa nguvu na mwimbaji amepotea. Mkono wa kwanza unataka kupandisha sauti yake kwa desibeli 3, kipimo cha ukubwa wa sauti. Anasikika, ila sasa ngoma zinaonekana zimerudi nyuma, unazipandisha. Magitaa yanapungua makali, unayapandisha. Baada ya dakika kumi uko palepale ulipoanzia, isipokuwa taa nyekundu inawaka na sauti inakwaruza, kwa kuwa mfumo wa dijitali una dari usiloweza kulipita. Rudi mwanzo. Sukuma gitaa moja kushoto kabisa na la pili kulia kabisa, ili katikati wabaki mwimbaji, besi na ngoma ya mguu. Kisha punguza magitaa yote mawili desibeli 2 tu kuzunguka hezi 3,000. Mwimbaji hajaguswa, lakini amesogea mbele.

Bado kuna tatizo la mwimbaji mwenyewe, anayenong'ona kwenye ubeti na kupiga kelele kwenye kiitikio. Kompresa hupunguza pengo hilo: ukiiweka kwenye uwiano wa 4 kwa 1, kila desibeli 4 zinazovuka kikomo ulichoweka hutoka kama 1. Lakini usiiachie kazi yote, maana ikibanwa mno sauti hukosa pumzi. Mafundi wazoefu hupitia wimbo mstari kwa mstari na kuinua kwa mkono silabi inayomezwa, mara nyingi ile ya mwisho wa mstari, hewa inapomwishia mwimbaji.

Pima haya yote kwa sauti ndogo. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikipungua, besi hupotea kwanza. Ndiyo maana karibu kila miksi hupendeza ikipigwa kwa kishindo. Ishushe mpaka mtu aliye karibu aweze kuongea bila kupaza sauti. Mwimbaji na ngoma ndogo vikibaki mbele, na besi ikifuatika, umekaribia. Halafu isikilize kwa mono, yaani kushoto na kulia zikiwa zimeunganishwa kuwa moja: kinachotoweka hapo kilikuwa kinaokolewa na kushoto na kulia.

Wanabendi nao wana masikio yao: mpiga gitaa atasema gitaa halitoshi, mpiga ngoma ataomba ngoma. Wote wanayajua maneno ya wimbo kwa moyo, kwa hiyo watayasikia hata yasiposikika. Mpe wimbo mtu asiyewahi kuusikia, apige mara moja kwenye simu yake, kisha aandike kiitikio. Akiacha neno, usikimbilie kumpandisha mwimbaji. Nenda kwenye sekunde hiyo, uzime vyombo kimoja baada ya kingine mpaka neno litokee. Kile ulichozima mwisho ndicho cha kushusha.