Vipodozi vya probiotiki: Faida, hasara na swali la kuuliza kabla ya kuweka mtaji

Januari 2022 kampuni ya Marekani ya Procter & Gamble ilikamilisha ununuzi wa Tula, chapa ya vipodozi iliyoanzishwa mwaka 2014 na waasisi kadhaa, akiwamo Dkt. Roshini Raj, bingwa wa magonjwa ya tumbo. Mwaka huohuo Shiseido ya Japani iliichukua Gallinée, kampuni ndogo ambayo mfamasia Mfaransa, Marie Drago, aliianzisha London mwaka 2016. Chapa zote mbili zimejengwa juu ya hoja moja: ngozi ina jamii yake ya bakteria, na jamii hiyo ikitunzwa, ngozi nayo hutulia.

Wakubwa wakishaweka fedha, wadogo hufuata. Leo neno probiotiki limebandikwa kwenye krimu, seramu, sabuni za uso, shampuu na hata dawa za kuzuia harufu ya kwapa. Mjasiriamali wa Dar es Salaam au Nairobi anayetafuta bidhaa ya kuagiza hulikuta neno hilo kila afunguapo orodha za wauzaji wa nje. Msimamo wangu nautaja mapema: kuna biashara halali hapa, lakini sehemu yake kubwa imesimama juu ya bakteria waliokufa, ilhali matangazo yanauza matumaini ya bakteria walio hai. Asiyetofautisha mambo hayo mawili atapoteza fedha zake, au atapoteza za mteja wake.

Kinachouzwa hasa

Mlango wa biashara hii ulifunguliwa na maabara. Mwaka 2007 taasisi za afya za Marekani zilianzisha mradi mkubwa wa kuorodhesha vijidudu wanaoishi katika mwili wa binadamu, na matokeo yake makuu yalichapishwa mwaka 2012. Watafiti wa ngozi nao walikuwa wakionyesha kuwa bakteria wa paji la uso lenye mafuta si wale wa mkononi pakavu wala wa kwapani, na kwamba ngozi ya mgonjwa wa pumu ya ngozi mara nyingi hutawaliwa na bakteria mmoja msumbufu, Staphylococcus aureus. Wazo la kurudisha uwiano likawa bidhaa.

Bidhaa zenyewe ziko makundi matatu. La kwanza ni prebiotiki, yaani chakula cha bakteria, kama vile inulini, sukari itokayo kwenye mizizi ya mimea. La pili, ambalo ndilo kubwa kibiashara, ni bakteria waliooteshwa kwenye matangi, wakauawa na kupasuliwa, kisha mabaki yao yakachanganywa kwenye krimu. Advanced Night Repair ya Estée Lauder na Génifique ya Lancôme zote zina kiungo cha aina hiyo, kitokanacho na bakteria wa jamii ya Bifidobacterium. Lipikar ya La Roche-Posay hutumia Vitreoscilla filiformis, bakteria wa maji ya chemchemi. Kundi la tatu, dogo kuliko yote, ni la bakteria hai.

Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walikubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai vinavyoleta faida ya afya vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha. Kwa kipimo hicho, kundi la pili halimo. Mwaka 2021 wanasayansi walilitengea jina lake, postbiotiki. Lakini mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, haina tafsiri ya kisheria ya probiotiki katika vipodozi, kwa hiyo kila mwenye kiwanda huliandika neno hilo apendavyo.

Upande wa faida

Faida ya kwanza ni ya mwenye kiwanda. Kiungo cha bakteria waliokufa kina tabia kama ya viungo vingine vya kawaida: huvumilia dawa za kuhifadhi krimu zisioze, na mitambo ya kukichanganya ni ileile. Symrise ya Ujerumani, kwa mfano, huuza SymReboot L19, kiungo kilichotengenezwa kwa ushirikiano na Probi ya Sweden kutokana na bakteria waliouawa kwa joto. Kampuni changa haihitaji maabara ya kuotesha bakteria. Hununua kiungo, hukipeleka kwa kiwanda cha kuchanganya kwa mkataba, na hutumia nguvu zake kwenye chapa na soko.

Faida ya pili ni ya mtumiaji, nayo ni ya wastani. Mwaka 2008 jarida la Uingereza la magonjwa ya ngozi lilichapisha utafiti wa watu 75 wenye pumu ya ngozi. Kwa siku 30 baadhi walipaka krimu yenye asilimia 5 ya mabaki ya Vitreoscilla filiformis, wengine krimu ileile bila kiungo hicho, na hakuna aliyejua amepewa ipi. Waliopewa kiungo walipata nafuu zaidi, hasa ya muwasho. Ni utafiti uliopangwa vizuri, ingawa ulikuwa mdogo, na miongoni mwa waandishi wake walikuwamo watafiti wa L'Oréal, ambayo ndiyo mmiliki wa La Roche-Posay. Anayeuza bidhaa ya namna hii ana kitu cha kuonyesha. Asikivute kikafika kwenye makunyanzi, madoa na weupe.

Faida ya tatu ndiyo ninayoithamini zaidi. Mtazamo huu unamfundisha mteja kuacha kuisugua na kuichoma ngozi yake. Afrika Mashariki ina watu wengi walioharibiwa ngozi na krimu za kujichubua zenye haidrokwinoni na zebaki, viambato vilivyopigwa marufuku Tanzania, Kenya na Rwanda lakini vinavyoendelea kupenya sokoni. Watu hao wanahitaji bidhaa za upole: sabuni isiyokausha, losheni yenye gliserini, mafuta ya shea. Chapa itakayowapa bidhaa hizo kwa bei nafuu itakuwa imewatendea haki, hata kama sehemu kubwa ya nafuu watakayoipata inatoka kwenye gliserini kuliko kwenye bakteria.

Upande wa hasara

Hasara huanza pale unapotaka kuuza bakteria hai. Kampuni ya AOBiome ya Massachusetts ilijaribu. Mwaka 2015 ilileta sokoni, kwa chapa ya Mother Dirt, chupa ndogo ya kupuliza yenye majimaji yasiyo rangi wala harufu, ukiyatazama huyatofautishi na maji ya kunywa. Ndani yake walikuwamo mabilioni ya Nitrosomonas eutropha, bakteria wa udongoni anayekula amonia ya jasho. Chupa iliuzwa kwa takriban dola 49. Ilipaswa kukaa kwenye jokofu, maana nje ya hapo bakteria walidumu wiki chache tu. Tena sabuni na shampuu za kawaida zinawaua, hivyo mteja alilazimika kubadilisha karibu kila kitu bafuni kwake ili chupa moja ifanye kazi. Kampuni ikabidi itengeneze sabuni na shampuu zake yenyewe.

Kikwazo cha pili ni viwango. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17516 huruhusu vijidudu visivyozidi 1,000 kwa gramu ya kipodozi, na 100 tu kwa bidhaa za watoto chini ya miaka mitatu au za kuzunguka macho. Kiwango hicho kilitungwa kumlinda mtumiaji dhidi ya uchafu wa kiwandani. Sasa anakuja mtengenezaji mwenye mabilioni ya bakteria aliowatia kwa makusudi. Mkaguzi ataupataje uchafu uliojificha katikati ya umati huo? Na dawa ya kuhifadhi ambayo ingezuia uchafu huo ndiyo ileile inayoua bakteria anayelipiwa. Esse ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa na mkemia Trevor Steyn mwaka 2002, ilikwepa mtego huo kwa kuweka bakteria hai kwenye mafuta yasiyo na maji, ambamo hulala hadi wafike kwenye unyevu wa ngozi. Ni ufundi wa hali ya juu, na bei yake ni ya saluni za kifahari.

Kikwazo cha tatu ni ushahidi wenyewe, ambao unaweza kumgeuka mwekezaji usiku mmoja. Watafiti wa serikali ya Marekani walikuwa wamepata matokeo ya kutia moyo kwa kupulizia wagonjwa wa pumu ya ngozi bakteria hai aitwaye Roseomonas mucosa. Kampuni ya Forte Biosciences ikachukua leseni na kuendesha jaribio kubwa zaidi. Septemba 2021 matokeo yakatoka: waliopata nafuu ya angalau nusu ya ugonjwa walikuwa asilimia 58 kwa waliotumia bakteria, na asilimia 60 kwa waliopewa dawa bandia. Hisa za kampuni zikaporomoka kwa zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Cha kuzingatia ni kilichofuata: mwaka 2024 bakteria wa jamii hiyohiyo aliingia sokoni Marekani kama bidhaa isiyohitaji cheti cha daktari, mikononi mwa kampuni nyingine. Kushindwa kwenye jaribio la dawa hakuzuii kuuzwa kama kipodozi, mradi lebo isidai kutibu.

Mzigo ukifika kwetu

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki aanze na joto. Kontena linaloshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, ghala la bati, duka lisilo na jokofu, na umeme unaokatika: kila hatua hupunguza idadi ya bakteria hai, na hakuna mteja atakayeiona tofauti kwa macho. Krimu iliyokufa njiani huonekana sawa na iliyo hai. Kwa hiyo anayeagiza bidhaa hai bila mnyororo wa baridi anauza asichokuwa nacho.

Afuate pia sheria. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania uko chini ya shirika la viwango, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, na bidhaa hupaswa kusajiliwa kabla ya kuingia sokoni. Kenya ina shirika lake la viwango, KEBS. Lebo inayoahidi kuponya ukurutu au chunusi inaivuta krimu kwenye sheria za dawa, na gharama za huko hazibebeki kwa mtaji wa duka.

Nalisema kwa msisitizo jambo moja kwa wanaochanganya krimu nyumbani: msiuze mtindi kwenye makopo mkiuita probiotiki. Maziwa mgando yana asidi ya laktiki inayolainisha ngozi, na mtu kujipaka usoni na kunawa ni hiari yake. Lakini mchanganyiko wenye maji na maziwa usio na dawa ya kuhifadhi, ukikaa siku kadhaa kwenye joto letu, huotesha fangasi na bakteria ambao hakuna aliyewaalika. Ukimfika mtu mwenye kidonda au kinga dhaifu, madhara yake hayatakuwa ya kipodozi tena.

Anayenunua, wa jumla au rejareja, aigeuze chupa asome orodha ya viambato. Katika bidhaa za Ulaya viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Ukikuta neno lysate au ferment, kwa kawaida bakteria amekufa, na bei ilingane na hilo. Ukiambiwa yu hai, dai uonyeshwe idadi yake siku ya mwisho ya matumizi, siyo siku ya kutoka kiwandani, pamoja na maelekezo ya kuhifadhi. Muuzaji asiye na majibu hayo mwache na mzigo wake.

Kwa hesabu zangu, nafasi ya mjasiriamali wa hapa ni krimu za upole zenye kiungo cha bakteria waliokufa, zilizosajiliwa, zenye lebo inayosema hivyo waziwazi na bei ambayo muuguzi au mwalimu anaimudu. Faida kwa chupa itakuwa ndogo kuliko ya seramu za Paris. Lakini mteja ambaye ngozi yake imetulia na hakudanganywa hununua tena, na biashara ya krimu huishi kwa mauzo ya chupa ya pili.