Ukitaka motokari ing'ae, anza na maji



Ukipita mitaani mwa Bunia siku ya Jumapili, utaona watu wakipangusa motokari na pikipiki mbele ya nyumba zao. Wakati wa kiangazi, mwezi wa Januari na Februari, mavumbi mekundu ya barabara ya Mongbwalu hufunika kila kitu. Mwenye motokari huchukua kitambaa kikavu na kufuta kwa nguvu, watoto wamesimama karibu wakitazama. Baada ya muda mfupi motokari inang'aa. Lakini itazame vizuri juani: rangi imejaa mikwaruzo midogo. Na mavumbi yale yamekwenda wapi? Mengine yameingia vifuani mwa wote waliokuwa pale.

Mavumbi ni mawe madogo

Wewe unayefanya kazi ya dhahabu unalijua jiwe la kwatsi, lile jeupe linalobeba dhahabu. Ugumu wa mawe hupimwa kwa ngazi ya 1 mpaka 10. Almasi ni 10, kwatsi ni 7, kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu. Ikiwa kwatsi hukwaruza kioo, itashindwaje na rangi ya motokari? Na mavumbi ya barabara zetu yana chembe nyingi za mawe ya namna hiyo.

Chembe zilizo ndogo kabisa, zisizoonekana kwa macho, hushuka mpaka ndani ya mapafu na kubaki humo. Anayezivuta kwa miaka mingi aweza kupata silikosi, ugonjwa unaokausha mapafu. Dawa ya kuuponya haipo, na tena unaufungulia mlango kifua kikuu. Ndiyo sababu katika mgodi mwamba hutobolewa kwa maji: vumbi lililolowa haliruki. Basi sheria ya mgodini iwe pia sheria ya nyumbani. Hatari ni kubwa zaidi kwa motokari au pikipiki iliyotoka machimboni, maana inaleta vumbi la kazi mpaka uwanjani pako.

Namna ya kufanya

Kwanza, chagua kivuli, asubuhi au jioni. Bunia iko karibu na ikweta, na bati la motokari likipigwa na jua huwaka moto. Sabuni na nta hukauka upesi juu yake na kuacha madoa.

Pili, mwaga maji mengi, ukianzia juu kwenda chini, mpaka udongo ulegee. Usiguse kwa kitambaa bado, wala usipulize vumbi kwa mashine ya upepo.

Tatu, osha kwa sabuni laini. Tumia ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuza kitambaa. Ukitumia ndoo moja, unaurudisha mchanga juu ya rangi. Kitambaa kikianguka chini, usikitumie tena mpaka kifuliwe. Usioshee mtoni: sabuni na mafuta yatawafikia wanaochota maji huko chini.

Nne, kausha, kisha tumia polishi kama rangi imefifia. Elewa vizuri: polishi haiongezi kitu, inaondoa. Inasugua tabaka la juu kidogo kidogo mpaka mikwaruzo ipungue. Motokari nyingi za siku hizi zina tabaka la juu la vanishi isiyo na rangi, jembamba kuliko karatasi ya daftari. Likiisha, halirudi. Kwa hiyo jaribu kwanza pahali padogo pasipoonekana sana. Weka polishi kidogo kwenye kitambaa laini cha pamba, sugua kwa mkono sehemu ya nusu meta, bila kukandamiza kwenye kingo na pembe, kisha futa. Mara moja kwa mwaka yatosha, na kama rangi ingali nzuri, acha kabisa.

Tano, paka nta. Nta ndiyo inayokinga. Ile ya karnauba hutoka katika majani ya mtende wa Brazili. Paka kidogo sana, ingoje ianze kuwa kama ukungu, kisha ifute kwa kitambaa kingine kikavu na safi. Ukipaka nyingi utachoka bure kuifuta. Maji yakisimama juu ya rangi kama matone, nta ingalipo. Yakitandaa, wakati wa kupaka tena umefika. Kwa jua letu na mvua yetu, fanya hivyo kila miezi miwili au mitatu.

Na ndani ya motokari? Mazulia usiyapige ukutani. Yalowanishe kwanza, kisha yasugue. Viti na dashibodi vifute kwa kitambaa chenye unyevu.

Esanse si sabuni

Wengine hutoa lami na madoa kwa esanse. Ni hatari. Esanse hutoa mvuke hata mahali pa baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini mpaka kwenye jiko la makala alipo mama anapika. Moto huurukia na kurudi mpaka kwenye mikono yako. Lami itoe kwa mafuta ya kupikia kidogo na kitambaa laini, kisha osha kwa sabuni.

Tena, usiweke esanse wala polishi katika chupa ya soda. Mtoto hasomi, anaona kinywaji. Akinywa, usimtapishe, maana ikipanda huingia katika mapafu. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uibebe.

Mama wa nyumba, nawe una sauti hapa. Ukimwona baba amechukua kitambaa kikavu, mpe ndoo ya maji. Ukimwona anatoka kazini na nguo zenye vumbi, zisikung'utwe mlangoni: zitiwe majini, zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.

Rangi ikiharibika, fundi ataipaka nyingine. Pafu halina fundi. Basi kumbuka: maji kwanza, kitambaa baadaye.