Akiba ya Chuma kwa Wachangiaji Damu: Kipimo cha Kidole Hakimalizi Yote

Aliyewahi kuchangia damu anakijua kipimo cha kwanza, cha kutobolewa kidole. Tone la damu hudondoshwa katika maji ya buluu ya mrututu, likizama upesi damu inatosha. Vituo vingine hutumia kimashine kidogo kinachotoa namba. Njia zote mbili hupima himoglobini inayozunguka mwilini siku hiyo. Haziwezi kutuambia kama mwili umebakiwa na madini ya chuma ya kutengenezea damu nyingine.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye ghala la mahindi. Anayechungulia jikoni ataona ugali upo, asijue kwamba ghalani yamebaki madebe mawili. Mwili nao huchota chuma kilichohifadhiwa katika ini, wengu na uboho wa mifupa, na himoglobini haishuki mpaka akiba inapokaribia kwisha. Hivyo mtu anaweza kufaulu kipimo cha kidole huku tayari anachoka bila sababu ya wazi.

Chupa moja ya damu ya mililita 450 huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwanaume mwenye afya huwa na akiba ya karibu miligramu 1,000. Mwanamke wa umri wa kuzaa, kwa sababu ya hedhi na uzazi, huwa na karibu 300 tu, na wengi hawafiki hapo. Hapa Tanzania mwanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke minne. Lakini utafiti wa watu 215 uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya wasiopewa vidonge vya chuma, asilimia 67 walikuwa hawajarudisha akiba yao hata baada ya siku 168.

Akiba hiyo hupimwa kwa feritini, protini inayohifadhi chuma, ambayo kiasi chake kidogo huonekana katika damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya mikrogramu 15 kwa lita kuwa upungufu. Kwetu kuna jambo la kuangalia: malaria na maambukizi mengine hupandisha feritini, hata akiba ikiwa ndogo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo mwongozo wa mwaka 2020 unaweka mpaka wa 70.

Uholanzi ilianza mwaka 2017 kuwapima wachangiaji feritini. Aliye chini ya 15 alipumzishwa miezi 12, na wa kati ya 15 na 30 miezi sita. Kipimo hiki kinahitaji maabara na fedha, na hatutegemei kukiona katika kila kambi ya kuchangia damu.

Hata hivyo yapo yanayowezekana, hasa katika shule za sekondari, ambako damu nyingi hutoka kwa vijana. Tunawaomba walimu na wahamasishaji waangalie tarehe kwenye kadi ya mchangiaji, na binti mwenye hedhi nyingi asisukumwe kuchangia ili darasa lake lionekane. Vidonge vya chuma vitolewe kwa ushauri wa mganga. Dagaa, maharage na mchicha viliwe pamoja na chungwa au limau, na chai inywewe saa moja au mbili baada ya chakula, kwa kuwa huzuia chuma kuingia mwilini.