Kidonge cha Moyo Kikikusumbua, Usikiache Kimyakimya

Aliyenusurika shambulio la moyo hutoka hospitali na mfuko wa kaki. Ndani mna aspirini ndogo ya miligramu 75, klopidogreli au tikagrelo ya kuzuia damu isigande, atovastatini ya kushusha lehemu, enalaprili au kaptoprili ya kuupunguzia moyo mzigo, na bisoprololi ya kutuliza mapigo. Wengine huongezewa Lasix ya kutoa maji mwilini na kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Juu ya vipakiti mfamasia ameandika 1x1, 1x2, usiku. Mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa hamezi hata panadol leo ana vidonge vitano mpaka saba kwa siku.

Baada ya wiki chache malalamiko huanza. Kikohozi kikavu usiku. Mapaja yanauma. Akisimama kizunguzungu, na chumbani mambo si kama zamani. Kliniki ni mwezi ujao, na jirani mwenye presha keshamwambia kwamba dawa hizo zinaua figo. Basi anaruka siku moja, kisha mbili, mwishowe kipakiti kinasahaulika kabatini. Siku ya kliniki akiulizwa anajibu kwamba anameza vizuri, maana hataki kugombezwa mbele ya watu.

Maudhi yapo, na mengine yanakera kweli. Ila karibu kila dawa iliyomo katika mfuko ule ina mbadala, au dozi ndogo zaidi, au saa nyingine ya kumezwa. Daktari hawezi kubadilisha asichoambiwa.

Kwa aliyewekewa stenti, kile kijibomba cha waya kinachoutanua mshipa ulioziba, kuacha dawa kimyakimya kuna hatari ya pekee. Siku hizi huduma hiyo haihitaji tena safari ya India. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, inaifanya. Lakini waya ule ni mgeni mwilini. Mpaka utando wa mshipa uufunike, chembe sahani za damu huwa tayari kugandana juu yake, na donge likizuka hapo shambulio la pili huja ghafla. Ndiyo sababu aspirini huandamana na klopidogreli au tikagrelo, kwa kawaida kwa miezi 12. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa 500 waliowekewa stenti zenye dawa baada ya shambulio, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Ndani ya siku 30, karibu mmoja kati ya kila saba alikuwa ameshaacha kile kidonge cha pili. Katika miezi 11 iliyofuata walikufa asilimia 7.5 ya walioacha, na asilimia 0.7 tu ya walioendelea. Yawezekana baadhi ya walioacha walikuwa hoi zaidi, au hawakuwa na fedha, lakini hata ukilizingatia hilo pengo linabaki kubwa. Kwa hiyo hata kung'oa jino si sababu ya kusimamisha dawa hizi bila kumwuliza daktari wa moyo. Na kama tatizo ni bei, litajwe waziwazi: klopidogreli ni nafuu kuliko tikagrelo, na mara nyingi kubadilisha kunawezekana.

Tikagrelo ina kituko chake. Inaweza kumfanya mtu ahisi pumzi haitoshi, hata akiwa ameketi, na kwa aliyetoka kupata shambulio hakuna kinachotisha zaidi ya hapo. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 2009 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 18,000, hali hiyo iliwapata karibu 14 kati ya kila 100 waliomeza tikagrelo, na karibu 8 kati ya 100 waliomeza klopidogreli. Mara nyingi huwa nyepesi na huisha yenyewe. Hata hivyo usijipe jibu mwenyewe, kwa kuwa moyo uliochoka nao huleta pumzi fupi. Miguu ikivimba, au ukishindwa kulala bila kuongeza mito, nenda ukapimwe.

Sasa kikohozi. Enalaprili, kaptoprili, lisinoprili na ramiprili ni za familia moja, na asili yake ni sumu ya nyoka. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa Brazil, Sérgio Ferreira, aligundua kwamba sumu ya nyoka wa huko aitwaye jararaca huzuia bradikinini isivunjwe. Bradikinini ni kemikali ya mwili inayolegeza mishipa. Kutokana na ugunduzi huo ikatengenezwa kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Mishipa ikilegea presha inashuka, moyo unapumua. Lakini bradikinini hiyohiyo ikijikusanya kooni na kwenye njia za hewa huziwasha, na hapo ndipo kinapotokea kikohozi kikavu, chenye mtekenyo, kisicho na makohozi, kinachowapata wanawake zaidi ya wanaume. Kinaweza kuanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza au miezi kadhaa baadaye.

Dawa za maji za kikohozi hazikigusi, na nimeona kabati la jikoni lenye chupa tatu za namna hiyo, zote zimeishia nusu. Kinachotakiwa ni kuhamia familia jirani, losatani au valsatani, ambazo hazizuii bradikinini isivunjwe. Utafiti wa mwaka 2003 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 14,000 ambao mioyo yao ilidhoofika baada ya shambulio ulionyesha kuwa valsatani inaokoa maisha sawasawa na kaptoprili. Kikohozi chenyewe huisha ndani ya wiki moja hadi nne, na mara mojamoja huchukua hata miezi mitatu, kwa hiyo usiseme losatani imeshindwa baada ya siku mbili. Kwetu huku kuna la kuongeza: kikohozi kilichozidi wiki mbili hupimwa kifua kikuu hata kama una kisingizio kizuri mfukoni. Na midomo, ulimi au uso vikivimba baada ya kumeza dawa za familia hii, hiyo ni dharura ya saa ileile. Watu weusi hupatwa na uvimbe huo zaidi ya wengine. Ukishakupata, usiimeze tena dawa hiyo maishani.

Kuhusu figo, jirani hajakosea moja kwa moja. Enalaprili na losatani zinaweza kupandisha kidogo kipimo cha kreatinini mwanzoni, na madaktari huvumilia ongezeko la hadi asilimia 30. Kwa muda mrefu dawa hizi hulinda figo nyingi, hasa za wenye kisukari. Cha kuangalia ni potasiamu. Anayemeza mojawapo pamoja na spironolaktoni, dawa nyingine ya kutoa maji, kisha akashushia madafu mawili matatu kila siku kwa kuwa ameambiwa ni mazuri kwa moyo, anaweza kuipandisha hadi mapigo yakavurugika. Kipimo cha damu wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa huliweka wazi.

Maumivu ya misuli yanayohusishwa na statini, familia ya atovastatini, yana kisa cha aina yake. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walitangaza matokeo ya jaribio la watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi. Kila mmoja alipewa chupa 12 za mwaka mzima: nne za atovastatini, nne za vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa, na nne tupu. Kila siku aliandika kwenye simu alivyojisikia, toka 0 hadi 100. Miezi ya chupa tupu wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini ulifika 16.3. Miezi ya kidonge kisicho na kitu ulikuwa 15.4. Yaani karibu asilimia 90 ya kero ilitokana na kule kumeza na kutarajia kuumwa. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila dawa haikuwa mkosaji mkuu. Walipoonyeshwa takwimu zao wenyewe, nusu yao walirudia statini.

Hilo halimpi daktari ruhusa ya kumwambia mgonjwa kwamba anajidanganya. Wapo wachache ambao statini huumiza misuli yao kweli, na kwao kuna kushusha dozi, kubadili aina, au kuongeza ezetimibu, dawa nyingine ya kushusha lehemu. Misuli ikilegea kabisa na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, acha kumeza na uende hospitali siku hiyohiyo. Dawa nyingine nazo zinaweza kuifanya statini ijazane mwilini: klarithromaisini ni mojawapo, na anayetumia ARV zenye ritonavia hapaswi kabisa kupewa simvastatini. Mwenye kadi mbili za kliniki, ya CTC (kliniki ya VVU) na ya moyo, azionyeshe zote kwa madaktari wote wawili. Zipo statini zinazopatana na dawa zake.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, huanzia hapa. Mapaja yakiuma, watu hukimbilia duka la dawa muhimu mtaani na kuomba diklofenaki. Inatoka bila swali. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza uwezekano wa shambulio jingine, huzidisha damu kuvuja tumboni zikikutana na aspirini, huibana figo iliyo tayari kwenye enalaprili, na ibuprofeni inaweza hata kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Mgonjwa anajitibu maudhi yanayovumilika kwa kidonge kinachoweza kumrudisha wodini. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Sindano ya maumivu pia iulizwe jina lake kabla haijachomwa.

Michubuko midogo, au fizi kutoa damu kidogo wakati wa kupiga mswaki, haistahili kukufanya uache dawa za kuzuia damu isigande. Choo cheusi tii chenye kunata, au kutapika damu, ni safari ya hospitali. Tumbo likiwaka, wengi hujinunulia omeprazoli bila kujua kwamba hupunguza nguvu ya klopidogreli. Omba pantoprazoli.

Bisoprololi, atenololi na kavediloli huleta uchovu, mikono baridi, ndoto za ajabu kwa wengine, na lile linalowafanya wanaume wengi waziache bila kusema. Watafiti wa Italia, mwaka 2003, waliwapa wanaume 96 wenye ugonjwa wa moyo atenololi, wakiwa wamegawanywa makundi matatu. Wasioambiwa jina la dawa, asilimia 3.1 walilalamikia nguvu za kiume. Walioambiwa jina tu, asilimia 15.6. Walioambiwa na madhara yake, asilimia 31.2. Hofu, basi, ina mkono wake, pamoja na kisukari na mishipa iliyosinyaa, maana mshipa unaoziba moyoni mara nyingi haujabagua sehemu nyingine.

Viagra ina nafasi kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo, kwa idhini ya daktari. Lakini ikikutana na nitrogliserini, kile kidonge cha chini ya ulimi, presha hudondoka ghafla kiasi cha kuua. Aliyemeza Viagra asiweke nitrogliserini mdomoni kwa saa 24, na aliyemeza ndugu yake, tadalafili, kwa saa 48. Kifua kikimbana katika muda huo, awahi hospitali na aseme alichomeza. Vumbi la Kongo na pakiti nyingine za mitaani ziwekwe kando, kwa kuwa hakuna ajuaye kilichochanganywa ndani. Na mama, ukijua mzee anatumia vitu hivyo, mwambie daktari hata kama yeye anaona haya.

Tukirudi kwenye uchovu wa bisoprololi na wenzake, kuna habari mpya. Utafiti uliofanyika Sweden, Estonia na New Zealand, uliotangazwa 2024, haukuona faida ya dawa za kundi hili katika kuzuia kifo au shambulio jipya kwa wagonjwa ambao nguvu ya moyo kusukuma damu ilibaki asilimia 50 au zaidi. Mjadala unaendelea, na mwenye moyo dhaifu bado anazihitaji sana. Ila mgonjwa anayesinzia mchana kutwa ana haki ya kuuliza kipimo chake cha eko, kinachoonyesha nguvu hiyo, kinasemaje. Zisikatwe ghafla kwa hali yoyote, kwani mapigo huweza kurudi kwa kishindo na maumivu ya kifua nayo. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Kizunguzungu cha kusimama huonekana zaidi alfajiri, mtu anapoinuka kitandani au kwenye sijida. Keti kwanza, miguu ichezeshe, kisha simama. Kikizidi, muulize daktari kama presha imeshuka kupita kiasi na kama kidonge kimojawapo kinaweza kuhamishiwa usiku.

Ukienda kliniki, beba maboksi yenyewe. Kumwambia daktari "kile cha njano" hakumsaidii, maana kiwanda kikibadilika na rangi hubadilika. Sema kero ilianza lini na baada ya dawa ipi: "Daktari, kikohozi kilianza wiki mbili baada ya enalaprili, usiku zaidi, makohozi sina." Sentensi hiyo moja inatosha kubadilisha dawa siku hiyohiyo. Madhara mazito hujazwa kwenye fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa, na mgonjwa anaweza kuomba ijazwe.

Kwa Waislamu, Ramadhani hupangwa mapema. Aliyepata shambulio karibuni kwa kawaida hushauriwa asifunge. Anayeruhusiwa huhamishwa kutoka kaptoprili ya mara tatu kwa siku kwenda dawa ya mara moja, na Lasix hutafutiwa saa isiyomkausha mchana. Mazungumzo hayo ni ya mwezi wa Shaabani, wakati bado kuna nafasi ya kujaribu ratiba mpya na kupima presha mara moja au mbili kabla ya futari ya kwanza.