Mende Sikioni, Jino Puani: Kesi 7 za Masikio, Pua na Koo Zilizoacha Hata Madaktari Wameduwaa

Kichwa chako kiko na mashimo kadhaa yasiyo na mlango wala soja. Masikio mawili, pua mbili, na mdomo ambao wengine wetu hatuufungi hata tukilala. Kitu kinaweza kuingia, kitu kinaweza kumea, na kitu kinaweza kuvuja. Kuna madaktari ambao kazi yao ni hayo mashimo tu, na wasee hao wamecheki maneno.

Hizi saba si zile story za kuambiwa kwa kinyozi. Ni za ukweli, zimewapata watu wa kawaida kama wewe, na kila moja iko na kitu inaweza kukuokolea. Kama unakula, maliza kwanza.

1. Mende wawili, masikio mawili, mtu mmoja

Mwaka wa 1985 jarida kubwa la madaktari Marekani lilichapisha barua ya kuchekesha sana. Mgonjwa alikuja hosi akiwa na mende sikio la kushoto na mwingine sikio la kulia. Madaktari wakaona hii ni chansi ya kufanya majaribio: sikio moja wakatia mafuta, lingine wakatia dawa ya ganzi.

Mende wa mafuta alipigana kidogo akadedi, lakini kumtoa ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Mende wa ganzi? Alichomoka mbio, akaruka chini na kuanza kutoroka, mpaka daktari mmoja mwenye miguu myepesi akamaliza mambo kwa kiatu.

Mbona mende wapende sikio? Ni shimo lenye joto, giza na kubana, yaani vile tu mende hupenda kuishi. Shida ni kwamba akishaingia hawezi kugeuka. Njia ya sikio la mtu mzima ni kama sentimita mbili na nusu tu, na mwisho wake kuna ngoma ya sikio, ile ngozi nyembamba inayokufanya usikie. Miguu ya mende iko na miiba. Kila akijitupa anakwaruza hiyo ngozi, na kelele yake kichwani ni kama mtu anavuta mabati.

Ikikupata usiku, usichukue kijiti cha pamba, kibiriti wala pini. Utamsukuma ndani zaidi. Laza kichwa upande, tia matone machache ya mafuta ya kupika yasiyo moto, mdudu anyamaze, halafu asubuhi ufike hosi akatolewe. Lakini kama ngoma ya sikio iliwahi kutoboka, au sikio linatoa usaha au damu, usitie kitu chochote. Nenda tu.

2. Msee aliyeotesha jino puani

Huyu alikuwa jamaa wa miaka 38, New York. Kwa miaka mingi alikuwa anapumua vibaya upande wa kulia wa pua. Alidhani ni mambo ya kawaida, ile pua ya baridi baridi.

Madaktari walipoingiza kamera wakapata kitu kigumu cheupe. Skani ikasema: hilo ni jino. Lilikuwa limeota kuelekea juu, likatokea puani badala ya mdomoni. Lilipotolewa lilikuwa na urefu wa milimita 14. Miezi mitatu baadaye jamaa alikuwa anapumua fiti kabisa. Kesi ilichapishwa 2022.

Inawezekanaje? Sakafu ya pua na paa la mdomo ni mfupa mmoja mwembamba. Mbegu ya jino ikikaa vibaya tangu utotoni, inaweza kuota ikielekea upande usiofaa. Ni nadra, lakini si uchawi. Kama pua yako imeziba upande mmoja tu, miezi na miezi, hiyo si homa. Homa haichagui upande.

3. Alizuia chafya, koo likapasuka

Tuseme uko ndani ya mat imejaa, chafya inakuja, na hutaki watu wakuangalie vibaya. Unabana pua, unafunga mdomo, unaimeza. Sivyo?

Jamaa wa miaka 34 huko Leicester, Uingereza, alifanya hivyo. Akasikia kitu kimelia "pa!" shingoni. Shingo ikavimba, kumeza kukawa uchungu, sauti ikapotea. Madaktari walipogusa shingo yake wakasikia kama mtu anakanyaga krisps. Hiyo ilikuwa hewa, imetoroka kupitia tundu kooni na kuingia chini ya ngozi, mpaka kwenye kifua. Alilishwa kwa mrija siku saba koo lipone. Hiyo ilichapishwa 2018.

Miaka mitano baadaye kesi nyingine ikatoka Dundee, Scotland. Huyu alikuwa anaendesha gari, mkanda umefungwa, akabana pua akifunga na mdomo. Bomba la hewa likapasuka tundu la milimita mbili kwa mbili. Bahati yake lilijifunga lenyewe ndani ya wiki tano.

Madaktari wanasema ukifunga kila mahali, presha ndani ya njia ya hewa inaweza kupanda hadi mara 20 ya chafya ya kawaida. Hewa lazima itoke. Usipoipa mlango, itajitengenezea. Piga chafya kwa kiwiko au hanki, sema samahani, safari iendelee.

4. Manzi aliyeamka na haskii sauti za wanaume

Najua kuna madem hapa watasema hata wao wangependa hii.

Januari 2019, mji wa Xiamen, China. Dada mmoja alilala akiwa na kelele masikioni, tena alikuwa ametapika. Asubuhi chali wake akimwongelesha, kimya. Anaona mdomo ukienda, sauti hakuna. Kufika hosi, daktari aliyemhudumia alikuwa mwanamke, akamskia vizuri. Mwanaume akapita karibu akiongea, dada hakuskia kitu.

Alikuwa amepoteza uwezo wa kusikia sauti nzito. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono. Mwanzo wake hushika sauti nyembamba, ncha ya ndani hushika sauti nzito. Watu wengi wakianza kuziba masikio hupoteza zile nyembamba kwanza. Yeye alipoteza upande ule mwingine, ambao ni nadra sana, na sauti nyingi za wanaume ziko huko chini. Daktari alisema uchovu na kukosa usingizi vilichangia.

Sasa skia vizuri hapa kwa sababu wengi hupoteza sikio hivi. Usikivu ukipotea ghafla, hata sikio moja tu, usiseme ni nta na utangoja end month upate doh. Inaweza kuwa nta kweli, lakini wewe huwezi kujua bila kuangaliwa. Kama ni ule ugonjwa wa ghafla, dawa hufanya kazi vizuri zikianzwa siku za kwanza. Wiki mbili zikipita, chansi inashuka sana.

Na tukiwa hapo hapo kwa masikio: Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja, wa miaka 12 hadi 35, wako kwa hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kelele za raha. Sauti ya desibeli 80 unaweza kuvumilia saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Sasa piga hesabu: nganya asubuhi, nganya jioni, earphones katikati, na Jumamosi umesimama mbele ya spika.

5. Watu wanaosikia macho yao yakizunguka

Hapana, hawajavuta kitu. Kuna watu wakigeuza macho kushoto na kulia, wanasikia mkwaruzo. Wanasikia moyo ukidunda, viungo vikisugua, hatua zao kama mtu anapiga ngoma. Sauti yao wenyewe inarudi kichwani kama wanaongea ndani ya tangi. Wengine wakisikia kelele kubwa kizunguzungu kinawashika na dunia inaruka.

Kwa miaka mingi watu kama hawa waliambiwa ni stress, ama ni akili. Mwaka wa 1998, Lloyd Minor na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, wakaeleza shida iko wapi. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo ya kukusaidia kusimama wima bila kuanguka. Wa juu umefunikwa na mfupa. Kwa watu hawa, huo mfupa uko na tundu au haupo kabisa. Sauti za mwili, ambazo wewe huzisikii, zinapata mlango wa tatu ambao haukufaa kuwepo.

Siku hizi skani inaonyesha tundu, na likisumbua sana linazibwa kwa upasuaji. Cha kubeba hapa ni hiki: beshte akikuambia anasikia vitu vya ajabu kichwani, usikimbilie kusema amerogwa ama amechizi. Mwambie aende aangaliwe masikio pia.

6. Makamasi yaliyokuwa maji ya ubongo

Mwanamke mmoja wa Nebraska, Marekani, aligonga uso kwa dashibodi kwenye ajali ya gari mwaka wa 2013. Baadaye pua ikaanza kutiririka. Akiinama, maji yanamwagika. Alikuwa anatembea na tishu kila mahali. Daktari baada ya daktari walimwambia ni aleji.

Mwaka wa 2018, huko Omaha, wakapima hayo maji. Ilikuwa maji ya ubongo. Alikuwa akipoteza karibu robo lita kwa siku, kupitia tundu dogo kwenye mfupa unaotenganisha pua na ubongo. Wakaziba tundu kwa kutumia kipande cha ngozi ya ndani ya pua na mafuta kutoka tumboni mwake. Stori ikaisha.

Ubongo wako unaogelea kwenye maji, na mwili hutengeneza kama nusu lita ya hayo maji kila siku. Ndiyo maana yanaweza kuvuja miaka na bado uko hai. Noma ni kwamba tundu likitoa maji, linaweza pia kuingiza viini, na hapo ndipo homa ya uti wa mgongo hupata njia. Hiyo inaua.

Kwa sisi wa nduthi hii si story ya mbali. Kama uliwahi kuanguka ukagonga kichwa, na sasa pua inatoa maji safi kama ya bomba, upande mmoja, yanazidi ukiinama, tena unaskia ladha ya chumvi kooni, usinunue vidonge vya homa kwa duka. Mwambie daktari kuhusu ile ajali. Bila hiyo ajali hawezi kuunganisha mambo.

7. Toi aliyekaa puani miaka 37

Christchurch, New Zealand. Mtoi wa miaka minane alikuwa akicheza na ndugu zake, wanatia vidude vidogo vya plastiki puani na kushindana nani atavipuliza mbali. Yeye akavuta ndani badala ya kupuliza nje. Akaogopa kuambia mathe, akanyamaza.

Miaka 37 baadaye, akiwa mfanyakazi wa usafi hosi, alipimwa korona kwa kile kijiti cha puani. Pua ikaanza kumsumbua vibaya. Skani ikaonyesha kitu. Madaktari wakakitoa, kile kidude kikiwa kimefunikwa na madini mpaka kikawa jiwe. Ndiyo, pua inaweza kutengeneza jiwe. Kitu kikikaa ndani, chumvi za makamasi hukipaka polepole kama chokaa kwenye birika.

Yeye alikuwa na bahati kwamba kilikuwa plastiki. Kwa wale mko na watoi, ama mmeachiwa wa sista, shikeni hizi mbili.

Maharagwe na mahindi: usitie maji kuvitoa sikioni au puani. Vinafura na kukwama zaidi.

Betri ya duara, ile bapa ya saa, toi na rimoti: hiyo ni dharura, si ya kungoja asubuhi. Ikikutana na unyevu inatengeneza kemikali inayochoma nyama, na ndani ya saa mbili inaweza kutoboa ukuta wa pua au koo. Usitie maji, usitie mafuta, kimbia hosi.

Kwa kitu kingine kilichokwama puani, madaktari hufundisha wazazi mbinu inayoitwa busu la mama. Mzazi anafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, anafunga pua iliyo wazi kwa kidole, halafu anapuliza mara moja, haraka. Hewa inazunguka na kusukuma kitu nje. Utafiti uliokusanya kesi nyingi, uliochapishwa 2012, ulipata kwamba inafanya kazi kama mara sita kwa kumi. Ikikataa, usianze kuchokora na koleo. Na muhimu kuliko yote: usimchape mtoi kwa sababu amekuambia. Akijifunza kuogopa, kesho atanyamaza, na miaka 37 ni mingi.

Kwa ufupi

Ukichanganya hizi kesi zote utaona kitu kimoja. Baadhi yao walikuwa na dalili mapema, na mtu fulani, ama yeye mwenyewe, akasema "hiyo ni homa tu." Pua ya upande mmoja, sikio la ghafla, maji baada ya kugonga kichwa: hizo tatu hazingoji. Na kile kijiti cha pamba ulichoshika ukisoma hii, kiweke chini.