Tairi la Akiba Likae Wapi kwenye Pikapu

Mwenye pikapu akiniuliza tairi la akiba alifunge wapi, nami humuuliza: siku ukipata pancha, gari litakuwa limebeba nini, na limesimama kwenye udongo gani? Wengi huamua jambo hili wakiwa Bariadi mjini, gari liko kwenye lami, bodi tupu, jua linawaka. Katika hali hiyo kila mahali panafaa. Uamuzi wenye maana ni ule unaofanywa kwa ajili ya saa mbaya.

Saa mbaya ya hapa mkoani Simiyu inajulikana. Ni usiku wa Februari, mvua imekatika muda si mrefu, uko kwenye barabara ya udongo ukielekea Meatu. Umebeba mifuko 15 ya saruji, yaani kilo 750. Mwiba wa mgunga umeingia tairi la nyuma kushoto, na gari limelala upande huo kwenye udongo mweusi wa mbuga. Udongo huu ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa huvimba, huteleza, na hung'ang'ania chuma kama gundi. Swali ni moja tu: tairi la akiba utalifikiaje?

Watengenezaji wa pikapu nyingi tunazoziona hapa, Hilux ikiwemo, hulitundika chini ya bodi, nyuma ya difu, likining'inia kwa mnyororo mwembamba. Unapitisha fimbo kwenye tundu la bampa ya nyuma, unazungusha, tairi linashuka. Wana sababu nzuri. Uzito unakaa chini, kwa hiyo gari halipepesuki kwenye kona. Bodi yote inabaki kwa mzigo. Anayefanya safari zake kwenye lami ya Lamadi, Bariadi na Maswa hana haja ya kubadili chochote.

Nje ya lami mambo hugeuka. Tairi la kipimo cha 265/65R17 lina unene wa sentimita 26 na nusu. Ili litoke chini ya gari, nafasi kati ya ardhi na bampa lazima izidi unene huo. Mzigo ukikandamiza springi, tairi likiishiwa upepo na gurudumu likizama kwenye mfuo, nafasi hiyo hupotea. Utalazimika kuinua gari kwanza kwa jeki, ukiwa umelala kwenye tope, ili ulipate tairi ambalo kwa ajili yake ulitaka kuinua gari. Tena tairi hilo ndilo hukwaruza matuta ya katikati ya barabara, na tope linalokaukia kwenye mnyororo huleta kutu hadi fimbo isizunguke. Nimeona minyororo iliyokatwa kwa msumeno kwa sababu haikuwahi kuguswa tangu gari liliponunuliwa.

Wengine hulipandisha juu ya kabini au kwenye kerea. Tairi na rimu yake ni kilo 30 hivi; kuziweka juu ya kichwa cha gari kunapandisha kitovu cha uzito, na gari refu lililobeba mzigo huhitaji kidogo tu ili lipinduke. Bati la paa nalo halikuundwa kubeba uzito huo, na kuushusha gizani ukiwa peke yako ni kujitafutia kuvunjika mguu. Wapo pia wanaolifunga kwenye mlango wa nyuma wa bodi. Barabara zetu za makorongo madogo-madogo hutikisa chuma bila kupumzika, bawaba zinachoka, na tairi huziba namba ya gari na taa.

Inabaki ndani ya bodi. Likilazwa, tairi hilo lenye kipenyo cha sentimita 78 hula nusu ya urefu wa bodi ya dabo kebini, ambayo ina mita moja na nusu hivi. Mzigo ukiwekwa juu yake, umerudi kulekule: ushushe mifuko yote barabarani kwanza. Likisimamishwa na kuegemezwa kwenye ukuta wa kabini, linachukua sentimita 27 tu za urefu huo. Hapo ndipo ninapowashauri watu wa Itilima, Meatu na vijiji vya ndani ya Bariadi.

Lisimame kona ya kushoto. Tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo gari likiegeshwa, kushoto ni pembeni mwa barabara: utalitoa ukiwa mbali na magari yanayopita. Dereva anakaa kulia, hivyo uzito unasawazika kidogo, na kioo chake cha pembeni hakizibwi. Wazee wanaozikumbuka Land Rover zilizobeba tairi juu ya boneti wanaijua busara hii. Penye pancha za mara kwa mara, tairi hukaa mkono unapofika.

Kulifunga kunataka umakini. Kamba peke yake haitoshi, maana gari likigonga kitu, kilo 30 hizo huruka kwa nguvu ya uzito ulio mkubwa mara nyingi zaidi. Fundi aweke kishikio cha chuma chenye miguu miwili, akifunge sakafuni kwa boliti, na chini ya sakafu aweke bamba pana ili bati lisichanike. Boliti ndefu ipite tundu la katikati la rimu, ibanwe kwa bamba jingine, kisha kufuli. Kabla ya kutoboa, achungulie chini: tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya hupita hapo. Asichomelee kitu kwenye chesisi. Kingo za matundu zipakwe rangi zisile kutu.

Msimu wa pamba una hesabu yake. Pamba ni nyepesi lakini inajaza, na mwenye kuipeleka kwenye chama cha ushirika (AMCOS) kuanzia Juni huhitaji kila sentimita ya bodi. Kwa bahati njema huo ni wakati wa kiangazi, mbuga imekauka na ni ngumu. Arudishe tairi chini kwa miezi hiyo, lakini kila mwezi alishushe, aoshe mnyororo, aupake grisi na kupima upepo.

Popote litakapokaa, soma tarakimu nne ubavuni mwake: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipoguswa. Na beba ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, la sivyo mbuga itaimeza jeki na gari libaki lilipo.

Kisha fanya jaribio hili nyumbani kabla ya mvua. Jaza mzigo wako wa kawaida, toa upepo tairi moja la nyuma, subiri giza liingie, halafu litoe tairi la akiba. Ukilazimika kushusha hata mfuko mmoja, lihamishe.