Kanisa ya Wharram Percy: kondoo walibaki, watu wakaondoka

Mu Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, iko kanisa moja ambayo haina paa, haina kengele, haina hata jirani. Inasimama peke yake mu bonde la majani. Barabara ya gari haifiki pale: mwenye kutaka kuiona anaacha gari huko juu na kushuka kwa miguu karibu kilometa moja. Ni kanisa ya Mtakatifu Martino ya Wharram Percy. Kila mtu mwenye kufika anajiuliza neno moja: nani alijenga kanisa ya mawe mahali ambapo hakuna watu?

Kumbe watu walikuwako. Angalia vizuri yale majani kwenye mteremko, utaona udongo umeinuka mistari mistari, sawa vile mtu amefunika kitu na blanketi. Njo misingi ya manyumba. Njia za kijiji zinaonekana, mipaka ya viwanja pia. Hapa kulikuwa kijiji kizima cha wakulima, na kanisa ilikuwa yao.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya miti, karne ya 10. Wataalamu walikuta alama za nguzo zake chini ya sakafu. Kisha wakajenga ya mawe, nayo ndogo. Watu wakazidi, kanisa ikazidi. Mu karne ya 12 na ya 13 walifungua ukuta wa upande mmoja, wakaweka matao juu ya nguzo, wakaongeza nafasi ya pembeni; halafu wakafanya vilevile upande wa pili. Kanisa ikawa pana, juu kijiji kilikuwa na watu.

Kisha kazi ikarudi nyuma. Mu 1349 ugonjwa wa tauni uliingia Yorkshire na kuua watu wengi sana. Wharram ilipungukiwa, lakini haikufa. Vizazi vikapita, familia zikapungua moja moja, na kanisa ikaanza kuwa kubwa kupita watu wake. Paa inaomba pesa, ukuta unaomba fundi, nani atalipa? Basi wakabomoa zile nafasi za pembeni na kuziba matao kwa mawe. Kufika mwisho wa karne ya 16 pande zote mbili zilikuwa zimeondolewa. Baadaye hata mahali pa altari palifupishwa.

Ile kazi ya kuziba inaonekana mpaka leo. Ukisimama inje ya ukuta unaona nguzo na tao zima ndani ya mawe, sawa mlango uliofungwa usifunguliwe tena. Fundi hakujaribu kuficha. Hakuna haja ya kitabu cha hesabu: ukuta wenyewe unasema hapa watu walikuwa wengi, na hapa wakapungua.

Wengi walifikiri tauni njo iliua Wharram. Hapana. Iliyomaliza kijiji ni kondoo. Wakati ule manyoya na vitambaa vya Uingereza vilikuwa na bei nzuri, na vitambaa vingi vilikwenda kuuzwa Anvers, mu Ubelgiji ya leo. Mwenye udongo alipiga hesabu: shamba la ngano linataka familia nyingi, lakini majani ya kondoo yanataka mchungaji mmoja na imbwa yake. Karibu mwaka 1500 familia za mwisho zilifukuzwa. Mu 1517, wakati wa mfalme Henry VIII, serikali ilituma watu kuuliza ni nani wanaondoa wakulima. Juu ya Wharram waliandika kwamba nyumba nne ziliachwa zianguke. Nyumba nne tu, ni neno dogo kwa mwandishi wa serikali. Kwa wale wa ndani ilikuwa dunia yao yote. Uchunguzi ulipita, kondoo wakabaki.

Sasa, kwa nini kanisa haikuanguka pamoja na manyumba? Juu parokia yake ilikuwa na vijiji vitano. Vingine vitatu navyo vilikufa, lakini Thixendale iliendelea kuishi. Watu wake walitembea karibu kilometa tano kuja kusali, kubatiza watoto na kuzika wafu mu kijiji ambacho hakina nyumba tena. Waliendelea hivyo hata wakati Uingereza iliachana na Papa na kanisa ikawa ya Waanglikana. Fikiria kubeba jeneza kwenye vilima vile wakati wa baridi.

Karibu mwaka 1870 tajiri mmoja wa eneo lile, Sir Tatton Sykes, aliwajengea watu wa Thixendale kanisa yao nyumbani. Lilikuwa jambo zuri kwao, lakini kwa Mtakatifu Martino ilikuwa hukumu. Ibada zikawa za nadra, na za mwisho zilifanyika karibu mwaka 1949. Wezi wakaja kuiba plombi ya paa, mvua ikaingia. Mu 1959 nusu ya mnara ilianguka. Leo unaona mnara umepasuka kutoka juu mpaka chini, unaangalia mpaka ndani.

Ila mu miaka ileile wengine walikuwa wameanza kuutafuta ule ukweli. Tangu 1950 mpaka 1990, kila mwaka, Maurice Beresford, mwanahistoria, na John Hurst, mtaalamu wa mambo ya kale, walikuja na vijana wa kujitolea kuchimba. Kanisa nayo ilichimbwa, na mu makaburi yake walitoa mifupa ya watu karibu 700. Mifupa inasema maisha yalikuwa magumu: watoto walikuwa wafupi sana kuliko watoto wa leo wa umri ule. Lakini inasema pia jambo lingine. Mtu mmoja wa miaka 40 hivi, wa karne ya 10 au ya 11, alipigwa na kitu kizito, kichwa kikavunjika. Mwenye kujua dawa akafungua ngozi, akatoa mfupa uliomukandamiza, na jeraha likapona. Mu kijiji cha wakulima maskini, mtu aliokolewa.

Uingereza iko na vijiji karibu 3.000 vilivyokufa sawa Wharram. Vingi havina hata ukuta mmoja. Ng'ombe wanakula majani juu yake na mpita njia hajui. Leo shirika la English Heritage linalinda Wharram, na kuingia ni bure. Kanisa haikubaki juu ya ukubwa wa mawe yake. Ilibaki juu kwa miaka zaidi ya 350 watu wa kijiji kingine waliihitaji na kuitengeneza. Waliofukuzwa hawakuacha karatasi yoyote ya kujitetea. Lakini yale matao yaliyozibwa yako pale, kila mtu anaweza kuyahesabu.